Nilivyopiga msasa meza ya wakwe mpaka kuku akanywa maji juu yake

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira, huku jua linatutokea Burundi na linakwenda kulala nyuma ya milima yetu.

Nimesoma nyuzi zenu nyingi za mafanikio. Mtu kanunua kiwanja, mtu kajenga, mtu kaagiza gari. Leo na minye nimeleta yangu. Ni ya meza.

Kila neno ni kweli. Mwenye kubisha apande pikipiki mpaka Kasenga, aulize duka langu la misumari, la Baba Nabintu. Hata kuku watamwonyesha.

Kiswahili changu ni cha huku kwetu na shule yangu ni fupi. Asiyeelewa aulize, asinisahihishe.

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alianguka kutoka kwenye paa la nyumba ya mtu, hakuinuka tena vizuri, na mimi nikatoka shuleni darasa la tatu. Shida ilianzia hapo.

Nilikuwa naokota misumari iliyopinda kwenye nyumba zinazobomolewa. Naigonga juu ya jiwe mpaka inanyooka, naipeleka sokoni. Misumari hiyo ilinilisha mimi, mama na wadogo zangu. Baadaye ikaniolea mke. Leo nina duka.

Sijawahi kumwomba mtu anifundishe kitu.

Hilo la mwisho lishikeni, ndilo lililoniletea balaa.

Binti yangu wa kwanza anaitwa Nabintu. Alipata mchumba, Dezire, kijana wa Luberizi, huko kwenye bonde la Ruzizi, nyumbani kwa watu wa mpunga na ng'ombe. Wanaongea Kirundi, wanaongea kwa zamu, na hawana haraka.

Walikuja mara ya kwanza kujitambulisha. Sisi nyumbani tulikuwa tunakula mkekani, kwa hiyo tukaazima meza ya plastiki ya kanisani. Wenye kuzijua meza hizo wanajua: kila moja ina mguu mmoja ambao haujaokoka.

Msemaji wao alikuwa mzee Ntahombaye, baba mkubwa wa Dezire. Mrefu, koti la kijivu, sauti ya taratibu. Alipoweka chupa ya mwisho tu, ule mguu ukapiga magoti. Chupa zote zikashuka kwenye mapaja ya wakwe.

Mzee akajifuta koti. Akasimama. Akasema:

"Hatukukasirika. Tutarudi siku mtakuwa na pahali pa kuweka kinywaji."

Wakaondoka.

Wakuu, kwa asiyejua: kwetu na kwao, mazungumzo ya posa yanafunguliwa na kinywaji. Kinywaji kisipokaa mbele ya watu, hakuna neno linaloanza. Si la ng'ombe, si la harusi. Kwa hiyo ndoa ya mtoto wangu ilikuwa imening'inia kwenye meza. Nabintu alijifungia chumbani, tukawa tunasikia anavyolia na tunajifanya ni redio ya jirani.

Mimi hasira zikanipanda. Gari lao linaondoka, nikatoka barabarani, nikapiga kelele avenyu nzima isikie:

"Mtarudi! Na mtaweka kinywaji juu ya meza niliyotengeneza kwa mikono yangu!"

Mama Nabintu alikuwa nyuma yangu anakusanya vioo vya chupa.

"Weye? Meza?"

"Minye."

"Baba Nabintu, hata banda la kuku ulimlipa mtu."

Mbele ya duka langu, ng'ambo ya barabara, kuna karakana ya fundi Bahati, seremala. Fundi mzuri, mdomo mkubwa. Alikuja jioni hiyo hiyo kuniambia ataitengeneza yeye, niache mambo ya kujitesa. Nikamwambia Bahati, nimeuza misumari, kole na msasa tangu weye ukiwa unatambaa. Kitu ninachokiuza nitashindwa kukitumia?

Akasema, "Hata anayeuza dawa hajitibu meno."

Nikamfukuza.

Nikanunua mbao za muvula, nene, nzito, za kumvunja mtu bega. Nikaziunga kwa kole, ile gundi ya mbao. Chini nikaweka mihimili ya kuzishika, nikaipigilia misumari. Nilipigilia kama mtu ambaye misumari ni yake. Hilo nalo lishikeni, tutarudi huko.

Sasa kosa la kwanza, na msicheke haraka.

Msasa una namba mgongoni. Arobaini, themanini, mia na ishirini, unapanda hivyo mpaka mia tatu na kitu. Mimi ni mtu wa misumari. Kwenye misumari, namba ikikua na msumari unakua. Wa namba kubwa unaingia kwenye boriti, wa namba ndogo unaning'iniza picha ya harusi. Sasa nani angeniambia kwamba msasa unahesabiwa kinyume?

Nikachukua mia tatu na ishirini, nikajua huyu ndiye dume. Nikasugua siku nzima. Mabonde ya randa yakabaki pale pale, ila yakaanza kung'aa.

Kesho yake nikasema, sasa tumalizie na ule mpole. Arobaini.

Wakuu. Msasa namba arobaini ni changarawe iliyobandikwa kwenye karatasi.

Niliuzungusha kwa mzunguko, nikakatisha nyuzi za mbao, kwa nguvu ya mtu anayekwangua sufuria ya bugali iliyoungua. Nilipoifuta kwa kitambaa chenye maji nione rangi, ikaonekana kama kiwanja ambapo majogoo walipigania mke.

Bahati akavuka barabara, penseli sikioni.

"Baba Nabintu, ulianza na ngapi?"

"Mia tatu na ishirini. Nikamalizia na arobaini."

Akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu kwenye vumbi. Kisha macho yakamtoka.

"Ngoja. Mteja akija dukani akasema nataka wa kulainisha, unampa upi?"

"Arobaini."

"Mungu wangu. Mlango wa mama mchungaji!"

"Una nini?"

"Unachana watu nguo! Kwaya nzima imeshonesha mikono upya, wanafikiri ni pepo!"

Nikamwambia arudi kwake. Akarudi, lakini alipofika ng'ambo akageuka akapiga kelele: "Anza na mkali, malizia na mpole! Usiruke namba! Fuata nyuzi za mbao, usizikatishe!" Wapita njia wote wakageuka.

Nikajifanya sikusikia. Nikangoja aingie ndani. Nikaanza upya na arobaini, nikapanda taratibu, nikifuata nyuzi, kipande cha ubao nimekifunga msasa ili vidole visichimbe. Kweli, meza ikanyooka. Ikawa laini kama shavu la mtoto. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na uzi.

Lakini nikasema meza ni chombo cha kulia, haiwezi kupakwa verni, ile rangi ya kung'arisha mbao, kabla ya kuonjwa.

Mama Nabintu alikuwa amepika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mawese. Nikaibeba bakuli langu, nikaliweka katikati ya meza, nikala peke yangu kama gavana. Nilikula vizuri sana. Nilipoinua bakuli, chini yake kulikuwa na jua linalozama.

Bakuli lilikuwa na ufa.

Mbao iliyopigwa msasa, wakuu, ina kiu. Haina ngozi. Unachomwaga inakinywa. Yale mawese hayakukaa juu, yaliingia. Duara jekundu, katikati kabisa, ukubwa wa bakuli.

Mama Nabintu akaangalia, akasema, "Paka verni juu. Watafikiri ni ua."

"Ua la mawese?"

"Wanaume hawaangaliagi maua."

Ningemsikiliza. Badala yake nikaenda kwa Bahati kuazima mashine ya msasa, ile ya umeme. Alinipa kama mtu anayempa mlevi pikipiki.

"Usiikandamize. Na usikae pahali pamoja, itembeze meza nzima kama unapiga shati pasi. Ukikaa pahali pamoja inachimba."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Najua!"

Nikaiwasha. Nikaiweka juu ya lile duara na nikailalia kwa tumbo.

Mawese yakawa yanashuka, na minye ninashuka nayo. Nikifikiri yameisha, nafuta vumbi, nayakuta yananiangalia kutoka chini zaidi. Yakawa kama mtu anayekudai unajificha, anakufuata. Mimi nikageuka ndiye ninayefuata. Nilisahau meza. Nilisahau wakwe. Ikawa ni mimi na mawese.

Umeme wetu huku huja na kuondoka unavyotaka, na kila siku nautukana. Siku ile ukakatika. Nawaambia ukweli, ndio uliookoa ile meza isitoboke.

Kimya kikaingia. Nikapitisha kiganja juu ya mbao kama mafundi wanavyofanya. Kiganja kikaenda, kikaenda, kikaanguka. Kama gurudumu la pikipiki kwenye shimo la barabara ya Kiliba.

Sikuamini. Nikamwaga maji nione kama kweli kumeinama. Maji yote yakakimbilia katikati, yakatulia, yakawa ziwa dogo. Kabla sijasema neno, kuku wetu mwekundu akaruka juu ya meza, akainama, akanywa. Akaita vifaranga wake.

Bahati alikuwa amesimama mlangoni kuchukua mashine yake.

"Baba Nabintu. Hii ni meza au ni beseni?"

Kesho yake watu wakaanza kupita. Mtu anajifanya amekuja kununua msumari mmoja. Msumari mmoja! Anaupokea, halafu anachungulia uani.

Na si hilo tu. Mashine ilirusha vumbi uani kote, na uani Mama Nabintu alikuwa ameanika ndagala za siku ya wakwe. Sikuziona. Wiki ile tulikula ndagala za muvula. Ukitafuna zinalia kama unatafuna kiti. Mama Nabintu alishika mwiko mwenyewe. Alikuwa ananipakulia mimi nyingi kuliko wengine.

Vumbi la muvula vilevile linawasha. Macho yalivimba, pua ikawa bomba. Jumapili nikaenda kanisani hivyo hivyo, machozi yananitiririka. Mchungaji akasimamisha ibada. Akasema, tazameni baba huyu anavyolia kwa ajili ya binti yake ambaye posa yake imekwama. Kanisa zima likaniwekea mikono. Kina mama wakalia. Ningewaambiaje ni msasa? Nikalia tu, niliona ni adabu.

Kosa la mwisho ni kuziba. Nilichanganya unga wa mbao na kole, nikajaza lile shimo, nikasawazisha. Lilipendeza. Nikaiacha juani ikauke. Mchana nikasikia "tak!" Ile kole ya kuziba yote ikaruka nje, nzima, mviringo, kama kitumbua. Nilikuwa nimeijaza juu ya mawese, na kole haishiki penye mafuta. Mbwa wa jirani akaibeba. Akaitafuna jioni nzima. Asubuhi akairudisha.

Bahati akasema, "Basi igeuze. Tumia upande wa chini."

Tukaigeuza. Akaangalia ile misumari, mistari kwa mistari, mingine imepindia ndani ya mbao kama kucha.

"Uliogopa itatoroka?"

Misumari haikung'oka. Siku zilikuwa zimekwisha, wakwe walishatuma salamu kwamba Jumamosi wanakuja. Nabintu alitoka nje, akaiangalia meza kwa muda. Akapitisha mkono pale penye shimo.

"Baba," akasema, "tutaweka kitambaa."

Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Nikaipaka verni, shimo na vyote. Mama Nabintu akaleta kitambaa chake cheupe cha kufuma. Mpango ukawa hivi: mdogo wangu Musafiri, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, ataelekeza vinywaji vyote vikae pembeni. Katikati hakuna kuweka kitu. Hata maua. Hata kiwiko.

Kwa desturi baba wa binti haongei siku hiyo. Anakaa, ananyamaza, msemaji anaongea. Kwangu mimi kunyamaza ni adhabu ya peke yake.

Jumamosi wakaingia. Mbele mzee Ntahombaye, na safari hii hakubeba chupa. Alikuwa amekumbatia mtungi. Mtungi wa udongo, mkubwa, umejaa impeke, ile pombe yao ya mtama inayonywewa kwa mirija, watu wote mtungi mmoja. Kwa wakwe kuja na mtungi ni heshima kubwa kuliko kreti zozote.

Lakini mtungi wa namna ile, wakuu, chini ni mviringo. Hausimami wenyewe. Unakalishwa juu ya kata, ile pete ya majani ya migomba iliyosokotwa. Nikatafuta kata kwa macho. Sikuona. Nikaangalia wale waliomfuata, mikono mitupu. Nikamwangalia mzee. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kola.

Musafiri akasema, "Karibuni wakwe, kinywaji kikae hapa," akionyesha pembeni.

Mzee akaangalia pembeni. Akaangalia mtungi wake. Akasema, "Mtungi hukaa katikati."

Akaanza kutembea.

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu, nikimwangalia Musafiri. Shangazi mmoja akaniletea maji. Nikakohoa na maji. Mama Nabintu akafumba macho, nikaona midomo inatembea, anaomba. Nabintu alikuwa nyuma ya pazia, nikaona pazia limekunjwa ndani ya ngumi.

Mzee akainama. Akaushusha.

Kitambaa kikashuka na mtungi. Kikasikika kitu kama mtu mnene anayekaa kwenye kiti chake cha kila siku.

Akaachia mkono mmoja, mwingine bado umeshika. Akangoja. Akaachia na wa pili, lakini akauacha karibu, kama unavyomwachia mtoto anayejifunza kusimama.

Mtungi ukasimama.

Akausukuma kwa kidole. Haukutikisika.

Mzee akainua ukingo wa kitambaa, akaingiza mkono chini, akapapasa mzunguko wote wa lile shimo. Taratibu. Akautoa mkono, akajifuta pua kidogo, akauliza:

"Nani alitengeneza meza hii?"

Musafiri mdogo wangu hana haja ya muda wa kufikiri ili adanganye. Alizaliwa tayari.

"Kaka yangu mwenyewe, kwa mikono yake. Alisema mtungi wa wakwe zetu hautakaa juu ya majani kama mtungi wa sokoni. Akauchongea kiti."

Vigelegele! Kina mama wa Luberizi wakasimama, wakaanza kucheza kwa mikono juu. Mama Nabintu akaangalia paa. Bahati, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoka mbio, tukamsikia nyuma ya jiko akikohoa kama mgonjwa wa kifua.

Na mimi nikanyamaza. Msiniite mwongo. Desturi ndiyo iliyonifunga mdomo.

Mirija ikagawanywa, watu wakanywa, maneno yakafunguka. Ng'ombe wakatajwa, wakakubaliwa. Kila kitu kikaenda kama mashua kwenye maji ya asubuhi.

Mwisho mzee Ntahombaye akasimama tena.

"Tumewapa mlichoomba. Na sisi tuna ombi moja tu. Bibi arusi akija kwetu, aje na meza hii."

Musafiri akasema "Imekubaliwa!" kabla hajaniangalia.

Siku ya harusi meza yangu ya muvula ikapakiwa nyuma ya gari, miguu juu, na kitambaa chake cha kufuma. Misumari yote ikaonekana. Bahati akaipigia saluti.

Ni mwaka sasa. Juzi nilikwenda Luberizi kumwona mjukuu. Nikakuta meza sebuleni, pahali pa heshima, na hakuna anayeruhusiwa kulia juu yake. Mtungi tu siku za wageni. Na siku nyingine Nabintu anaweka pale beseni la kumwogesha mtoto. Mtoto ni mkorofi, anapiga maji kwa miguu kama bata, lakini beseni halitelezi. Linakaa.

Mzee Ntahombaye alikuwa amekaa karibu nami. Akangoja Nabintu atoke na mtoto.

"Mkwe," akasema, "siku ile nilipoingiza mkono chini ya kitambaa, nilinusa kidole."

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Ndagala."

Nikaangalia mlango.

"Unajua mimi nilikuwa na nini siku ile?" akaendelea. "Kata tuliisahau huku nyumbani. Tulipofika Sange ndipo nikakumbuka. Kutoka Sange mpaka kwako nimekaa na mtungi mapajani, naomba Mungu anionyeshe pa kuuweka. Baada ya maneno niliyowaambia mara ya kwanza, mbele ya majirani wako! Ningeuangusha mle ndani, ningerudi Luberizi na sura gani?"

"Kwa hiyo ulijua ni kosa?"

"Nilijua. Lakini lilikuwa kosa la saizi yangu."

Tulicheka mpaka Nabintu akarudi kuuliza nani amekufa. Na meza mliiomba kwa nini, nikamuuliza. Akasema, "Ningekuachia, ungeirekebisha."

Basi wakuu, mafunzo ni haya, na nayatoa bure ingawa mimi nimeyalipia.

Msasa wa namba ndogo ndio mkali. Unaanza na huo, unapanda, huruki. Unafuata nyuzi za mbao. Mashine inatembea, haikai, na tumbo lako halihusiki. Ukiona doa limeingia ndani usilifuate, halitachoka, weye utachoka. Kole haishiki penye mafuta. Ukipiga msasa uanike chakula mbali, au umwambie mke mapema. Na mtu mwenye mdomo mkubwa ng'ambo ya barabara anaweza kuwa anasema kweli, nyamaza umsikilize, halafu jifanye ulijua.

Kwa walionunua msasa kwangu miaka ya nyuma: leteni milango, nitawapa mia tatu na ishirini bila malipo. Mama mchungaji alishapewa.

Mafundi mlioko humu, mngelitoaje lile doa? Na wewe ambaye umewahi kuharibu kitu mbele ya wakwe, andika hapo chini, nisibaki peke yangu. Matusi nayo nitayasoma, jioni, nikishafunga duka.

Nilianza na misumari iliyopinda na jiwe. Leo hii nina:

Duka la misumari Kasenga, na mlango wake wa chuma.

Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya.

Shamba la mpunga kule Katogota.

Pikipiki.

Ng'ombe wa mahari, bado wako kwa mzee Ntahombaye, wananenepa.

Mjukuu mmoja.

Kuku mwekundu, yule yule.

Mbao za muvula za meza nyingine, ziko chini ya kitanda, upande wa Mama Nabintu, na hataki kusogea.

Meza sina. Tunakula mkekani.